Viti ni Vichache

Mimi kwenye gazeti nasoma matangazo tu. Habari zinanichosha. Habari ina herufi ndogo kama sisimizi, na ukifika mwisho umeshasahau mwanzo. Tangazo lina herufi kubwa, lina jambo moja, na linakwambia waziwazi linataka nini kwako. Nilisoma mpaka darasa la nne, Tabora, na Kiingereza nilijifundisha mwenyewe hapa Toronto kwa kusoma ubavuni mwa madumu ya sabuni ya sakafu. Asinicheke mtu. Kwa elimu hiyohiyo niliendesha kampuni yangu ya usafi, nikaajiri wenye digrii, na nikanunua fleti ninayoishi huko North York, juu ghorofani, yenye dirisha linalotazama barabara ya magari yasiyokwisha.

Ninayoishi, nimeandika. Niliyokuwa nikiishi. Bado sijazoea.

Mke wangu alipofariki, Kiswahili kiliondoka naye mle ndani. Hilo sikuliona mapema. Unajiandaa kukosa mapishi, unajiandaa kukosa mtu kitandani, hakuna anayekwambia ujiandae kukosa lugha. Watoto walikuwa wameshahama. Wajukuu wananielewa vizuri sana, ukisema leteni maji, maji yanakuja, lakini mdomo unajibu kwa Kiingereza. Ikawa siku nzima inapita sijatamka neno ila kuliambia birika, "Haya, chemka." Birika linachemka. Halijibu.

Ndipo nikaanza kwenda maktaba. Nyumbani joto lilikuwepo, sikufuata joto. Nilifuata watu wanaokohoa. Kukaa mahali mtu anakohoa, mwingine anaburuta kiti, mwingine anapekua mfuko wa nailoni, hiyo ni nusu ya mazungumzo.

Siku moja viti vyote vilikuwa na watu, kikabaki kimoja mbele ya mashine ya kusomea magazeti ya kale, yale yaliyopigwa picha kwenye utepe wa filamu. Nikakaa. Mkutubi, mama mmoja mwembamba mwenye miwani kifuani, akaja taratibu.

"Unafanya utafiti wa nini, bwana?"

"Sifanyi utafiti. Nimekaa."

"Kiti hiki ni cha wanaotumia mashine."

"Basi nipe utepe."

"Upi?"

"Wowote. Wewe ndiye unayezijua."

Akacheka, akaniletea gazeti la mji huuhuu, la karne ya kumi na tisa, wakati Toronto ilikuwa matope na mbao na Mwingereza ndiye mwenye nchi. Koloni, kama tulivyokuwa sisi. Akanionyesha kitufe cha kuzungusha. Kurasa zikawa zinapita kwenye kioo, na ukurasa wa mbele, nakwambia, wote ulikuwa matangazo, juu mpaka chini. Nikasema moyoni, hapa ndipo pangu.

Mmoja farasi wake kapotea. Mwingine anauza mashine ya kusaga. Na katikati, kwenye kisanduku chake, limesimama tangazo la maigizo. Mabwana na mabibi wanaarifiwa kwa heshima kwamba kikundi kimewasili, kitaonyesha mchezo wa huzuni, kisha wimbo, kisha kichekesho cha kufungia, katika chumba kikubwa cha nyumba ya wageni. Watoto nusu ya kiingilio. Viti vya mbele ni vichache, wanaotaka wawahi.

Nikacheka kwa sauti mpaka mkutubi akainua kichwa. Maneno yale niliyajua. Sikuwahi kuyasoma popote, niliyasema mwenyewe kwa mdomo huu.

Kabla ya sakafu za Kanada nilikuwa mtangazaji wa kikundi cha maigizo kule Tabora. Kuigiza sikuigiza hata siku moja. Nilikuwa yule anayekaa mbele kwenye gari la matangazo, spika mbili juu ya paa kama pembe za ng'ombe, kipaza sauti mkononi, jua la mchana linachoma goti. Tunapita sokoni, tunapita stesheni, tunaingia kota za reli. "Leo ndiyo leo, asemaye kesho mwongo! Akina mama, akina baba, mwenye mtoto mlizi amlaze mapema! Viti ni vichache!" Viti havikuwa vichache. Havikuwepo kabisa, watu walikuja na vigoda vyao. Lakini ukitamka vichache, mtu aliyekuwa anasitasita anatia mkono mfukoni anatafuta kiingilio.

Kwa hiyo wale wazungu wa kwenye kioo nikawaona wenzangu wa kazi. Nikawa nakwenda kila siku, na mkutubi akawa ananiwekea utepe kabla sijavua kofia. Wiki iliyofuata ya gazeti kikundi kilekile kikatangaza kuwa onyesho limeahirishwa kwa sababu ya ubovu wa barabara. Nikamwambia yule wa kwenye kioo, mwongo mwenzangu, hawakuja watu. Sisi tulikuwa tunasema mvua.

Palikuwa na vitabu pia. Muuza vitabu anatangaza vimewasili vipya kutoka ng'ambo, na atapata vingine kwa meli ya mwisho kabla ziwa halijaganda, na dukani humohumo ana chai, buti na dawa ya kifua. Hilo lilinigusa, watu kununua hadithi mapema kama wanavyoweka kuni, kwa sababu baridi ikifunga hapiti mtu tena. Na alikuwepo bwana mmoja mwenye mashairi yake. Kitabu hakijachapwa. Anaomba wanaokitaka waandikishe majina dukani, majina yakitosha ndipo kitapigwa chapa. Wiki hii anaomba. Wiki ijayo anaomba. Baadaye akaongeza "kwa unyenyekevu mkubwa." Mtu akianza kuongeza unyenyekevu kwenye tangazo, ujue mambo hayaendi.

Nikirudi nyumbani na mambo hayo matamu, sina wa kumsimulia. Navua buti, nalitazama birika. Kichekesho kinaozea mdomoni.

Binti yangu anaishi Vaughan na mumewe na watoto. Jumamosi huja na vyakula kwenye vibakuli vya plastiki. Jumamosi ile alifungua friji akaona vibakuli vya Jumamosi iliyopita vimekaa kama alivyovipanga.

"Baba, hujala."

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mkate."

"Mkate na nini?"

"Mkate na mdomo. Unanihoji kama polisi."

Akafunga friji, akakaa kwenye kiti cha mama yake bila kuvua koti. "Baba, hamia kwetu. Chumba cha chini kiko tayari, kina choo chake. Hapa huna mtu."

"Nina watu tele. Mji huu nimeufagia, hakuna jengo nisimojulikana."

"Hao ni watu wa kukusalimia. Nazungumzia mtu atakayegundua siku usipofungua mlango."

Nilikasirika sana. Uongo haunikasirishi hivyo. Nikamwambia mimi nikiwaita watu katika mji huu wanakuja, ndiyo ilikuwa kazi yangu kabla yeye hajazaliwa.

"Waite basi," akasema. "Waite kwenye kile chumba kikubwa cha wakazi, hapo chini ya jengo lako. Wakijaa, sisemi tena habari ya kuhama mpaka uniambie mwenyewe."

"Wasipojaa?"

"Theluji ikiyeyuka unahamia kwangu. Bila maneno."

"Lete mkono."

Akaleta. Ana mkono wa mama yake, mdogo na mgumu.

Nikanunua karatasi kubwa na kalamu nene, nikakaa mezani. Nikaandika kama wale wenzangu wa gazetini, kwa sababu nilikuwa nimewapenda. WAZEE, AKINA MAMA, AKINA BABA NA VIJANA MNAARIFIWA KWA HESHIMA kwamba Jumapili alasiri, katika chumba kikubwa cha chini cha jengo hili, patakuwa na HADITHI, kisha VITENDAWILI, kisha KICHEKESHO cha kufungia. Watoto bure. Wakubwa pia bure. Na chini kabisa, kwa herufi za kumwamsha maiti: VITI NI VICHACHE, WANAOTAKA WAWAHI. Nikatia jina langu na namba ya fleti. Nikalitazama kwa mbali. Lilisimama vizuri, nasema ukweli, lingeweza kukaa katika lile gazeti bila aibu.

Moja nikabandika ukutani karibu na lifti. Jingine duka la nyama ambako Waswahili wote wa upande ule hununua. Jingine msikitini, kwenye ubao wa matangazo. Na rafiki yangu mmoja, Mzaramo, dereva wa basi mstaafu, akalipiga picha akalirusha kwenye kundi letu la simu. Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni mtani wangu, basi kabla ya salamu lazima atukane.

"Mpagazi wewe! Leo umetua mzigo unataka kusimulia hadithi?"

"Njoo, Mzaramo. Hakuna kazi, ni kukaa tu na kusikiliza. Ndiyo fani yako."

"Umeandika kwa maringo, utadhani unaoa."

"Nioe nani? Labda mama mkwe wako."

Majibu yakamiminika kwenye kundi. Mashallah. Inshallah. Hongera mzee wetu. Tupo pamoja. Simu ililia mpaka nikaifungia kwenye droo. Nilifurahi. Usiku nililala nimechagua hadithi, nikawa nazisema kwa sauti gizani, na ile sauti ya kwenye gari la matangazo ilikuwa imo bado, imekwaruza kidogo tu.

Jumapili nikashuka mapema. Nikapanga viti vya jengo mistari mistari. Nikaviona havitatosha, nikapanda nikashusha vya jikoni kwangu, na kile cha marehemu nikakiweka mbele. Nikapika chai ya tangawizi sufuria kubwa. Nje jua lilikuwa linawaka, barabara kavu, theluji imesukumwa pembeni. Sikuwa na pa kusingizia.

Binti yangu alikuja wa kwanza. Akaketi mstari wa nyuma na koti lake.

Saa ikafika. Nikasema watu wetu huchelewa, hilo linajulikana. Ikapita. Nikaenda mlangoni, nikarudi, nikanyoosha kiti kilichokuwa kimenyooka. Mlango wa lifti ukafunguka, akatoka kijana na mbwa, akaenda zake. Binti yangu akafunga vifungo vya koti. Angesema neno ningemshukuru, ningepata wa kugombana naye.

Halafu lifti ikafunguka tena, akatoka mama mmoja Mkongo wa ghorofa ya juu, kajifunga kitenge juu ya sweta. Tulikuwa tunakutana tu, yeye na kapu la nguo, mimi na kofia. Akachungulia.

"Papa, ni hapa?"

"Ni hapa, mama. Karibu. Umesoma tangazo?"

"Tangazo gani? Mimi sikusoma kitu. Siku ile kwenye lifti uliniambia, Mama, Jumapili shuka. Njo nimeshuka." Akavitazama viti. "Na bengine?"

"Wanakuja," nikasema.

Kikundi chetu cha Tabora kilikuwa na sheria moja. Ukumbi ukiwa na mtu mmoja, unamchezea mtu mmoja, na hupunguzi hata kikohozi, kwa sababu yeye amekuja na hana kosa. Nikasimama mbele. Nikatoa sauti ile yenyewe, ya spika mbili.

"Hadithi! Hadithi!"

Yule mama akatabasamu tu. Kwao hawaitikii hivyo. Kimya kikakaa, na kimya katika chumba chenye viti vitupu ni kitu kizito, unakisikia masikioni kama maji. Nikafungua mdomo niitikie mwenyewe.

"Hadithi njoo," ikasema sauti ya nyuma, ndogo, yenye vumbi. "Uongo njoo, utamu kolea."

Alikuwa binti yangu. Mara ya mwisho kuyasema alikuwa na meno ya utoto. Alikuwa anatazama sakafu.

Nikasimulia. Nilisimulia ya fisi aliyealikwa karamu mbili siku moja, akafika njia panda akataka zote, na miguu yake nikaipeleka huku na huku mpaka yule mama akapiga kofi gotini akacheka, "Fisi huyu ni shemeji yangu!" Nikapiga vitendawili, akavijibu vya Kikongo, vingine sikuvielewa nikacheka hivyohivyo. Nikafunga na kichekesho. Nilipomaliza alisimama akanishika mikono miwili.

"Papa, uko na sauti ya redio. Kwa nini umeificha?"

Akaondoka na chai kwenye chupa. Mimi na binti yangu tukakunja viti. Vya jikoni akavibeba yeye mpaka juu, viwili viwili, hakukubali nimsaidie. Mlangoni akanibusu mkono kama alivyofundishwa na mama yake, akaenda. Habari ya mkono tuliopeana hakuigusa.

Nikampigia Mzaramo. Nilikuwa nimepanga kumtukana bila utani.

"Enhe!" akaitika kwa furaha. "Haya, nipe habari. Walijaa? Walisimama mpaka kwenye korido?"

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Tumevaa, tumekaa. Mke wangu kajifunga khanga mpya kabisa."

"Mmevaa mkae?"

"Si uliandika viti vichache? Tukasema, sisi tuna viti nyumbani, na Mnyamwezi tunaonana naye kila siku. Tuwaachie wenye shida ya kukaa. Wazee wenye miguu inayouma."

"Mzee mwenye miguu ni wewe!"

"Ndiyo, lakini kuna wanaonizidi. Kwani vipi? Nani alikosa kiti?"

Nikaishusha simu gotini. Akasema halo, halo.

Baadaye akapiga mama mmoja wa Mombasa, mjane, anayeuza maandazi siku za harusi. Naye akaniomba radhi. Alitamani sana kuja, lakini aliona ni vibaya kwenda kumsimamisha mtu mwingine kwa ajili ya mwili wake mpana, na tena hakupigiwa simu, akajua nafasi zimeshapata wenyewe. Akaniuliza kama kuna aliyerekodi. Siku ya pili, dukani kwa muuza nyama, mambo yakawa yaleyale. Kila mtu alikuwa amemwachia mwenzake. Adabu ilikuwa imewakalisha mji mzima majumbani mwao, wamevaa vizuri.

Na mimi nilipaswa kujua. Kule Tabora tulikuwa tunauza onyesho, na kwenye onyesho kiti unakigombea, umekilipia. Ukisema bure, ukatia jina lako na mlango wako, hilo si onyesho tena. Huo ni mwaliko, na kwenye mwaliko mtu muungwana hagombei kiti. Anangoja aambiwe kwa mdomo, wewe fulani, njoo, pako papo. Yule mama Mkongo ndiye peke yake niliyemwambia hivyo, tena bila kufikiri, ndani ya lifti.

Binti yangu nilipomweleza kwa simu alicheka mpaka akasimamisha gari pembeni. Nilimsikia anapenga kamasi.

"Kwa hiyo wangekuja," akasema.

"Wangejaa."

"Basi Baba, fanya tena. Wapigie simu mmoja mmoja. Nitahesabu hiyo ya pili."

Alikuwa ananifungulia mlango, na alikuwa anaufungua kwa moyo mweupe. Ningeweza hata kuandika kwamba imeahirishwa kwa sababu ya ubovu wa barabara, mwezi ule nani angebisha. Lakini nilikuwa nimelala na jambo moja usiku ule, na halikuniachia. Wote walinitakia mema. Wote walivaa. Na jioni ile hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza kumekwendaje, mpaka nilipopiga mimi. Aliyekaa kwenye kiti chake mwanzo mpaka mwisho, na koti mwilini, alikuwa yuleyule aliyeshinda.

"Mkono nilishatoa," nikamwambia. "Theluji ikiyeyuka uje na gari."

"Baba, si lazima."

"Usinifundishe lazima."

Kabla ya kuhama nilikwenda maktaba mara ya mwisho, kwa sababu kutoka Vaughan ni mbali na sipendi kuendeshwa. Nilimwambia mkutubi anipe utepe wa wiki zilizofuata. Nilitaka kujua kama wale waigizaji walipata watu baada ya barabara kupona, na kama yule bwana wa mashairi alipata majina yake. Nikazungusha mpaka macho yakauma. Tangazo la mashairi liliacha kutokea, basi, hakuna neno kama kitabu kilichapwa au mwenyewe alikata tamaa. La maigizo lilitokea mara moja, likisema ni onyesho la mwisho kabisa, kwa ombi la watu wengi. Baada ya hapo mahali pake kuna mtu anauza chumvi. Gazeti halikuandika kama ukumbi ulijaa au walimchezea mtu mmoja. Ukisoma leo, unaona herufi kubwa, viti ni vichache, unadhani mji mzima ulikuwa unasukumana mlangoni.

Mkutubi akaniuliza kama utafiti wangu umekwisha. Nikamwambia umekwisha.

Siku ya kuhama mkwe wangu alibeba masanduku, mimi nikabeba birika. Karibu na lifti karatasi yangu bado ilikuwepo, kona moja imebanduka inaning'inia. Mkwe akaweka sanduku chini, akanyoosha mkono kuitoa, akidhani ananisaidia usafi.

"Liache," nikamwambia.

Nikaibonyeza ile kona kwa kidole gumba mpaka ikashika, na lifti ikafika.